Nyumba Isiyopata Namba

Kopo la rangi ya kupuliza huwa lina kigololi ndani. Ukilitikisa kabla ya kupaka, kigololi hugonga bati, ka-ka-ka-ka, sauti kavu ya haraka, kama mtu anayebisha mlango huku ameshaamua kuingia. Mwezi uliopita nilikuwa Mbarara na beseni la ndagala, dagaa wakavu, kichwani, napita nyuma ya gereji za pikipiki, nikaisikia. Fundi alikuwa anapaka tangi rangi nyekundu. Nilisimama palepale kwenye tope mpaka mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Sikumdanganya. Kuna kumbukumbu ambazo hazimwogopeshi mtu tena, zinamchosha tu, unazibeba kwa sababu hakuna pa kuzitua. Hii yangu ni ya wiki moja, nilipokuwa darasa la nne, wiki niliyokwenda kumtembelea Papa kwenye mji wa petroli.

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Nilizaliwa huko, lakini ninachokijua vizuri ni Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda: vilima vya nyasi fupi, ziwa, miiba, vumbi la njia ya kwenda Misiera, na nyumba yetu ya udongo iliyoezekwa kwa turubai. Tulikuwa watano kwenye karatasi: Papa, Mama, mimi, na wadogo zangu wawili mapacha. Nasema kwenye karatasi kwa sababu kambini ndivyo mtu anavyokuwepo. Mama aliifunga karatasi yetu katika mifuko miwili ya plastiki akaitundika juu, ambapo panya na mvua havifiki, na alitufundisha sheria zake mapema kuliko sala. Siku ya kuhesabiwa uwepo wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Asiyekuwepo anafutwa. Na usihesabiwe mara mbili, hata kwa mchezo, hata ukiulizwa na mtu mwenye uso mzuri, kwa sababu anayehesabiwa mara mbili anafutwa pande zote. Hiyo sheria ya mwisho sikuhitaji kuikariri. Neema, niliyekaa naye dawati moja, familia yao ilikuwa imejiandikisha Nakivale, halafu wakajiandikisha tena Oruchinga, kambi ile ndogo iliyo jirani, wapate posho mara mbili. Walipogundulika majina yao yakaondolewa huku na huko. Kwa miezi mingi Neema alikuja kwetu saa ya chakula, akakaa mlangoni, na Mama akawa anapunguza kwenye sahani zetu. Mimi niliangalia sahani yangu ikipunguzwa, nikaelewa.

Papa alikuwa na karibu mwaka huko kwenye petroli. Ilikuwa imeonekana chini ya Ziwa Albert, upande wa Hoima, na siku zile kila mtu kambini alikuwa na jirani aliyekwenda huko akapata kazi ya kulinda, ya kupika, ya kubeba mabomba. Papa alikuwa mtu wa kucheka, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, na shamba letu la mawe lilikuwa limemkatisha tamaa. Aliondoka akisema atarudi na mabati ya nyumba. Baada ya hapo alikuwa anapiga simu kwa Tantine Furaha, dada yake mdogo, kwa sababu Mama hakuwa na simu, na mimi nilikuwa nasukumana na mapacha ili sikio langu liwe la kwanza. Alinisimulia ufuo wa mchanga na maji yasiyo na mwisho, msitu ambao ndani yake sokwe wanagombana kama wanawake wa bombani, na mapango ambamo mfalme wa zamani aliwaficha watu wake. Siku utakayokuja, alisema, nitakupeleka pangoni. Mimi nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Shuleni niliyasimulia mapango hayo kana kwamba nimeshalala humo, na kwa jinsi nilivyosimulia hata mwalimu alinyamaza kusikiliza.

Kisha ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba kambi nzima itahesabiwa upya, kijiji kwa kijiji, na sisi siku yetu ni Jumamosi ya wiki inayofuata. Mama alikaa chini aliposikia. Faili letu la kwenda nchi za mbali, ambalo tuliliita kesi, lilifunguliwa kwa jina la Papa kama mkuu wa nyumba. Papa akifutwa, kesi inakufa, na miaka yote tuliyongoja inakuwa si kitu. Tantine alimpigia simu. Papa akasema hawezi kutoka kazini, bado siku chache. Akapigiwa tena, akasema vilevile, na sauti yake haikuwa na kicheko. Basi Mama akaamua. Yeye abaki na mapacha na karatasi, Tantine aende akamchukue kaka yake, na mimi niende na Tantine. Sababu yake aliisema wazi mbele yangu: Papa anaweza kumkatalia dada yake, anaweza kumkatalia mke wake, lakini yule mtoto hajawahi kumkatalia kitu. Nilijivunia maneno hayo njia nzima. Baadaye nilikuja kuyaona mazito.

Tulitoka Jumapili baada ya misa, Tantine akiwa na barua ya ruhusa ya kambi ndani ya Biblia, tukashuka Mbarara jioni kwa pikapu ya mahindi. Mbarara tulifikia kwa Mama Brenda, mke wa sajini mmoja, mteja wa Mama wa ndagala pale kambi ya jeshi. Nyumba za askari zilikuwa mistari mirefu ya bati, kila mlango na nguo zake na watoto wake, na mimi nilishangaa kwamba na wao pia wanaishi kambini. Mama Brenda alikuwa mnene, mwenye maneno, na Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi, kifupi na cha kuamrisha hata anapokukaribisha. Aliposikia safari yetu alinitazama kutoka kichwa hadi kandambili.

"Wewe nakwenda kuona petroli? Basi letea mimi chupa moja. Mimi nachoka na kuni."

Akanipa chupa tupu ya soda. Niliichukua kwa mikono miwili, kwa dhati kabisa, nikaiweka katikati ya nguo zangu.

Hoima tulifika Jumatatu, na Jumanne gari la wauza samaki likatushusha ziwani. Barabara ilipita kando ya msitu. Niliutazama kwa uchu, mweusi ndani hata jua likiwa juu, lakini sokwe hawakugombana siku hiyo. Halafu ardhi ikakatika. Tulikuwa juu ya ukuta wa mlima, na chini kabisa kulikuwa na uwanda wa manyasi ya manjano, ufuo, na maji. Joto lilipanda kutupokea. Mji wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ndoto zangu: makontena, baa za mabati, samaki wametandazwa juani, malori yanayopita na kuacha kila kitu na rangi moja ya vumbi. Moto wa petroli unaotoka ardhini, uliosimuliwa sana kambini, hatukuuona. Tuliambiwa uliwashwa siku chache, kisha ukazimwa. Nje ya mji, tulikoelekezwa, tulikuta kitu kilichonishangaza zaidi ya moto. Nyumba za udongo, nyingi, mpya, zimesongamana kama watu wanaogombea mwavuli, na hakuna hata moja yenye kuku. Hakuna jiko lililotoa moshi. Katikati yake miche ya kahawa ilikuwa imepandwa karibukaribu mno, mtoto yeyote wa mkulima angejua haitazaa, na mingi ilikuwa imekauka imesimama.

Nyumba ya Papa tuliijua kwa sauti yake, alikuwa anaimba ndani. Lakini Tantine hakusogea. Alikuwa anaangalia kamba ya nguo. Palikuwa na robe ya mwanamke, gauni la maua, na kaptula ya mtoto mdogo. Tantine aliweka mzigo chini, akafunga kitenge upya kiunoni, na Papa alipotokea mlangoni akiwa amefungua mikono, hakupewa hata salamu.

"Kaka, hii robe ni ya nani?"

Papa aliangalia kamba, akamwangalia dada yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Tantine alikuwa ameshaanza kulia na kumtajia majina ya watoto wake mmoja mmoja, ndipo Papa akapata pumzi ya kujibu.

"Ni ya nyumba, Furaha. Robe ni ya nyumba."

Basi akatueleza kazi yake. Bosi mmoja wa Hoima alikuwa amesikia kwamba kiwanda kitachukua uwanda ule, na kwamba watakuja wapimaji kuhesabu nyumba na mimea, na kila nyumba yenye watu italipwa fidia. Akajenga nyumba sita kwa wiki mbili. Lakini nyumba tupu haihesabiwi, kwa hiyo akatafuta watu wa kukaa ndani yake. Papa alikuwa mmoja wa hao. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alipewa unga, chumvi, na mfuko wa nguo kuukuu za kuanika, azianue jioni na kuzianika tena asubuhi, na aliahidiwa mabati ya nyumba nzima siku ambayo nyumba yake itapata namba. Namba ndiyo ilikuwa yote. Wapimaji wakikubali nyumba wanaiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Wasipomkuta mtu wanapita, na hawarudi. Kwa hiyo Papa hakuweza kutoka. Hakuwa amechimba chochote, hakuwa amelinda chochote, hata samaki aliletewa na jirani, na alituficha kwa sababu aliona haya kuwaambia watu wa Nakivale kwamba amesafiri mbali vile kwenda kukaa na kungoja. Tantine alifuta machozi akamwambia, kaka, hiyo kazi wewe una diploma yake. Wakacheka wote wawili, na kicheko kikaisha mapema.

Siku hiyo na asubuhi iliyofuata nilikaa na Papa kizingitini. Alinionyesha ng'ambo ya ziwa milima ya bluu, akaniambia ile ni Kongo. Si kwetu, kwetu ni mbali kusini, lakini Kongo. Nikamuuliza kwa nini watu wanaohesabu nyumba hawahesabu na ile. Akanipapasa kichwa. Nilimwomba mapango. Akasema, ngoja wapite kwanza. Wapimaji walikuwa wanasemwa kila siku, leo, kesho, na Papa alikuwa amegawanyika vipande viwili: Jumamosi anatakiwa Nakivale ili asifutwe, na hapa anatakiwa mpaka siku isiyojulikana ili aandikwe. Nilikuwa mtoto lakini nililiona hilo usoni mwake. Mtu mmoja anahitajika kuhesabiwa katika sehemu mbili, na miguu ni miwili tu, na yote inakwenda upande mmoja.

Jumatano mchana Papa akaamua kumwomba bosi ruhusa ya siku nne. Simu ilishika mtandao juu ya mlima tu, mwendo wa saa nzima, na Tantine akasema ataenda naye, kwa sababu anamjua kaka yake, akiambiwa hapana atasema asante. Papa alinikalisha kizingitini. Kule kwetu, siku ya posho, watu huamkia kupanga mawe kwenye foleni, kila mtu na jiwe lake, kisha wanarudi nyumbani, na jiwe linamshikia mtu nafasi mpaka afike. Papa alinikumbusha hilo.

"Weye ni jiwe yangu, Zawa. Bakikuya, sema tunaishi hapa. Usitoke kabisa."

Nikamwambia wakija nitasema, na sitoki. Nikawaangalia wakipungua njiani, robe ya maua ikipepea kando yangu, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi.

Wapimaji walikuja saa hiyohiyo. Kwanza nilisikia kopo, ka-ka-ka-ka, kwenye nyumba ya mwisho wa mstari, kisha kimya, kisha sauti ya kupuliza, kisha ka-ka-ka-ka tena, karibu zaidi. Walikuwa wawili, mwanamume mwenye daftari kubwa na mwanamke mwenye gambuti aliyeshika kopo. Kila nyumba waliyotoka ilibaki na namba nyekundu inayochuruzika. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimerudia maneno ya Papa mara nyingi mpaka yakawa wimbo. Lakini mwanamume aliponifikia alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, na ukurasa ule ulikuwa na mistari, na juu ya mistari kulikuwa na vichwa, jina, umri, idadi ya watu, sawasawa na karatasi yetu. Nikaona Jumamosi. Nikaona mtu wa Nakivale akifungua mashine yake na kukuta jina la Papa limeshakaa mahali pengine. Nikamwona Neema mlangoni.

"Mutoto, nani nakaa hapa?"

Nikasema hakuna mtu.

"Na wewe?"

Nikasema mimi ni mgeni, sisi tunakaa Nakivale, karatasi yetu iko Nakivale. Alinionyesha kamba kwa kalamu, akauliza nguo ni za nani. Nikamjibu jibu nililolijua, kwamba ni za nyumba. Yule mwanamke, aliyekuwa ameshaanza kutikisa kopo, alicheka, na mkono wake ukasimama. Hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo, kigololi kikizunguka mara moja chini ya kopo na kutulia. Mwanamume alichora mstari kwenye daftari. Akaniambia kwa upole nisikae juani. Wakaenda nyumba ya pili, na ka-ka-ka-ka ikaanza tena.

Waliporudi, Papa na Tantine, walikuwa wanatabasamu. Bosi alikuwa amekubali siku nne. Papa aliona kwanza ukuta wa jirani, akakimbia, akaja kuangalia wetu. Alizunguka nyumba yote, upande wa nyuma na pande zote, akitafuta namba kama mtu anayetafuta mbuzi. Kisha akaniuliza. Nilimwambia walipita. Akauliza kama niliulizwa kitu. Nilitikisa kichwa kwamba hapana, na sijui nani alinifundisha uongo ule, ulikuja wenyewe. Papa akakimbilia njia waliyokwenda. Alikaa muda mrefu. Aliporudi vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini, na hakuwa na haraka tena. Aliingia ndani akakunja mkeka wake, akaanua robe na kaptula, akavikunja vizuri kama vya mtu anayempenda, akaviweka juu ya kizingiti.

"Basi. Twende kwetu."

Tantine alitaka kuuliza, akaniangalia, akaacha.

Alhamisi, pale Hoima, tukingoja basi la kesho yake, Papa alinipeleka pangoni. Hakuwa amesahau. Tulishuka ngazi za udongo kwenda kwenye mwamba uliofunguka, na mlinzi wa pale, mzee mpole, akatuambia mfalme na askari wake walikaa humo wakijificha wasionwe na wageni wenye bunduki. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya popo, na maji yalidondoka mahali pasipoonekana. Nilikuwa nimeliota pango lile mwaka mzima, nikiwa nimelijaza vitanda na taa na ngoma, na sasa nilisimama ndani yake nikitaka tu kusema nilichokifanya. Nilifikiri gizani itakuwa rahisi. Nikaita, Papa. Akaitika. Nikaanza kuhesabu matone ya maji.

"Unachoka, Zawa?"

Nikasema ndiyo.

"Na miye nimechoka mingi," akasema, akanishika mkono tukapanda kutoka.

Ijumaa jioni tulikuwa tena kwa Mama Brenda. Alitupakulia matoke, akamtania Papa kwamba amekonda kama mlingoti wa bendera ya kambi. Kisha akaninyooshea mkono akadai petroli yake. Chupa ilikuwa palepale kwenye nguo zangu, tupu. Sikuwa nimejua kabisa kwamba ni mzaha, na kila kitu nilichokuwa nimekizuia tangu Jumatano kilitoka kwa macho na pua. Mama Brenda alinivuta kifuani pake, alinuka moshi na mafuta ya nywele. Aliniambia niache, hata wao wenye nchi hiyo petroli hawajaiona. Papa alikuwa anakula, akiangalia sahani yake.

Jumamosi alfajiri tukafika Nakivale. Mama alikuwa ameshapanga mawe matano kwenye foleni, makubwa mawili na madogo matatu, na alipomwona Papa hakukimbia, alisogea tu pembeni ili jiwe la Papa lipate mwenyewe. Jua lilipanda, foleni ikasogea, mapacha wakalala mabegani. Tulipofika mezani, karani aliita majina, tukaitika mmoja mmoja. Akauliza swali ambalo waliliuliza kila familia: kuna mahali pengine mlikohesabiwa? Mama alifungua mdomo, lakini Papa alimtangulia.

"Hapana, shefu. Huko fasi ingine mutoto wangu alikatala."

Karani hakuelewa, wala hakujali. Aligonga muhuri, akatuchovya vidole kwenye wino. Mimi nilielewa. Aliwafikia wale wapimaji barabarani, na walimwambia. Alijua tangu vumbi lile la magotini. Alijua pangoni. Nilimwangalia Papa, na Papa alikuwa anapuliza kidole chake wino ukauke, kama mtu asiye na lingine la kufanya.

Hatujawahi kulizungumza. Sasa mimi ni mtu mzima, nauza ndagala na vitenge kati ya Misiera na Mbarara, na bado naota mchana, ila siku hizi naota vitu vidogo vidogo. Petroli bado haijatoka ardhini, watu wa Hoima wananiambia wanaingoja. Kesi yetu bado haijaitwa. Baadhi ya familia zilizokuwa kwenye foleni yetu sasa zinatutumia picha za theluji. Sisi karatasi yetu iko ndani ya mifuko miwili, nzima, majina yote matano. Nikiwa nimechoka sana hujiuliza kama nilikosea: huenda leo tungekuwa na mabati, na karatasi ikawa hivihivi ilivyo, inangoja. Tungelala bila kusogeza mikeka mvua inapokuja. Nikiwa sijachoka sana namkumbuka Neema, na sahani, naacha kujiuliza. Papa haimbi tena. Mgongo wake haumruhusu kulima, anashinda kizingitini akiangalia ziwa letu dogo la Nakivale. Siku moja alimwambia mgeni kwamba zamani kazi hii alikuwa analipwa unga. Mgeni alicheka. Nami nilicheka, nikaingia ndani.

Mvua za mwaka huu zilibandua ukuta wa mbele. Wiki iliyopita nilibaki peke yangu na Papa. Mama alikuwa Mbarara kwa Mama Brenda na mzigo, pacha mmoja yuko Kampala anaosha magari, mwingine kaoa Oruchinga, ingawa siku ya kuhesabiwa wote wawili hurudi. Papa alikuwa amelala. Nilikanyaga udongo na nyasi, nikakandika ukuta wote mpaka kwenye fremu ya mlango, nikasimama mbali kuutazama. Ulikuwa mbichi, mweusi, laini. Nikarudi, na kwa kidole changu, kile walichokuwa wanakichovya wino, nikaandika kando ya mlango: 5. Niliiandika kubwa na kuizamisha, ili ikikauka ibaki. Kisha nikanawa mikono, nikawasha moto.